Kafara na Mrithi Wake

Jana usiku, hapa Umm Salal, nilimaliza Final Fantasy X, mchezo wa video wa Kijapani uliotoka mwaka 2001. Binti Yuna anahiji kutoka hekalu hadi hekalu, akijua kwamba tamati ya safari ni kifo chake: afe ili watu wapumue miaka michache, kabla dubwana Sin halijarudi. Babaye alikufa vivyo hivyo. Mwishowe Yuna anakataa.

Kukataa kwake kumenikesha hadi alfajiri. Sisi tulioacha watoto pwani ili tuwatumie ada kutoka Ghuba twajiita kafara; nao wanetu tayari wanaulizia viza. Kafara isiyomwondolea mrithi zamu yake ni wema, au ni mazoea tuliyoyapamba kwa jina la wema?