Kusudi la Bodi: Falsafa ya Kunakili Saketi Kongwe za Meli

Meli ya mizigo huundwa itumike miaka 25 hadi 30, ilhali chipu zilizomo kwenye mitambo yake ya udhibiti hutoweka sokoni mapema zaidi. Chache hubahatika kudumu, kama kichakataji cha Z80, kilichotoka mwaka 1976 na ambacho oda za mwisho za toleo lake la kawaida zilifungwa mwaka 2024. Bodi ya saketi inapoungua, na mtengenezaji wake keshafunga kiwanda au keshatupa michoro, mwenye meli hubaki na njia tatu: kutafuta kuukuu iliyotolewa kwenye meli zilizokatwa chakavu huko Alang au Chittagong, kubadilisha mfumo mzima kwa gharama kubwa, au kuichunguza bodi yenyewe mpaka muundo wake ujulikane na nakala itengenezwe. Njia hii ya tatu huitwa uhandisi kinyume. Ndani yake mna swali la kale: je, kusudi la kitu limo ndani ya kitu chenyewe?

Kazi huanza kwa picha za pande zote mbili. Lakiri inayokinga shaba dhidi ya unyevu wa chumvi hukwanguliwa, vipande hubanduliwa kimoja kimoja na kupimwa, na njia za shaba hufuatwa kwa mita inayolia pale pointi mbili zinapokuwa zimeungana. Bodi ya tabaka nyingi huhitaji eksirei, au husagwa tabaka baada ya tabaka hadi isibaki kitu. Chipu ya kumbukumbu yenye kidirisha kidogo cha kioo, ambacho hufunikwa kwa kibandiko ili mwanga usije ukafuta programu, husomwa biti kwa biti. Mwisho wa yote hupatikana mchoro usio na pengo. Hata hivyo, mchoro huo hausemi bodi ni ya nini.

Kidhibiti cha volteji cha jenereta huonyesha jambo hili vizuri. Kazi yake yaelezeka kwa sentensi moja: hupima volteji inayotoka, huilinganisha na volteji ya rejea inayoshikiliwa na diodi ya zena, kisha huongeza au hupunguza mkondo wa usumaku. Anayefuata shaba kwa imani hiyo atakutana na sehemu mbili zinazofanana na hujuma. Moja hushusha volteji kila mwendo wa injini unapopungua; nyingine huishusha kidogo kadiri mzigo wa usumaku kwenye jenereta unavyokua. Kifaa kilichoundwa kuilinda volteji kinaihujumu! Sababu zake haziko kwenye bodi. Injini ya dizeli ikitwishwa mzigo mkubwa ghafla hupunguza mwendo, na volteji ikishuka pamoja nayo mzigo hupungua kiasi, injini ikapata nafuu ya kujikwamua. Nazo jenereta mbili zinazolisha ubao mmoja, kila moja ikikataa kulegeza volteji yake hata kidogo, hazigawani mzigo wa usumaku bali husukumana. Sababu ya kikinza kimoja kwenye bodi, basi, huweza kuwa kwenye injini iliyo mbali nacho.

Michael Polanyi, mwanakemia aliyegeukia falsafa, alishikilia katika Personal Knowledge (1958) kwamba kukijua kitu chote kwa fizikia na kemia hakutoshi kukijua kama mashine. Bodi iliyoungua humuunga mkono. Kikinza kilichokatika hutii sheria za maumbile sawasawa na kilicho kizima. Neno "kibovu" hulitamka tu anayejua kilitakiwa kifanye nini. Pengine uamuzi huo ni mwepesi: kapasita iliyoandikwa 100 ikipimwa na kuonyesha 60, hunakiliwa maandishi, si kipimo. Waya uliounganishwa kwa mkono nyuma ya bodi ni mtihani mgumu zaidi. Ukiwa chini ya lakiri, ni sahihisho la kiwandani. Ukipita juu yake, ni mkono wa fundi wa baadaye, na huenda fundi huyo ndiye aliyekuwa sahihi.

Jibu la haraka ni kwamba kusudi limo akilini mwa muundaji, na kazi ya mchunguzi ni kulikisia. Mwanafalsafa Daniel Dennett aliona kwamba ukisiaji wa namna hii hutegemea dhana kuwa muundaji alichagua vema. Dhana hiyo husaidia, lakini pia hupotosha. Chipu ya 7400 ina malango manne ya mantiki. Aliyehitaji matatu aliliacha la nne limekaa bure, na atakayelitafutia hekima hataipata.

Kuna kasoro kubwa zaidi katika jibu hilo. Chipu za zamani za familia ya 4000 zilikuwa za polepole, hivyo vishindo vifupi vya umeme kutoka kwenye relei havikuzisumbua. Nakala yenye chipu mpya za kasi huvihisi, na huweza kupiga kengele ya hatari pasipo hatari yoyote. Upole ule haukupangwa na mtu, lakini meli iliutegemea kwa miaka. Kusudi basi haliko akilini mwa muundaji peke yake. Limo pia katika mazoea ya chombo kizima.

Ndiyo maana fumbo la meli ya Theseus, linalouliza kama meli iliyobadilishwa mbao zake zote bado ni ileile, lililosimuliwa na Plutarch na kupewa makali na Hobbes mwaka 1655, halisaidii sana hapa. Hakuna chumba cha injini kinachouliza kama bodi mpya ni ileile. Kinachoulizwa ni uaminifu: kwa shaba, au kwa kazi? Nakala ya shaba hubeba hata makosa. Nakala ya kazi, yenye chipu moja ya kisasa badala ya hamsini, huacha yale ambayo mnakili hakuyatambua.

Mafundi waangalifu huchanganya njia zote mbili. Nakala hujaribiwa kwa joto, mtikisiko na mzigo unaoongezwa kwa hatua, na pembeni ya mchoro huandikwa sababu ya kila sehemu. Pasipo sababu inayojulikana, sehemu hunakiliwa kama ilivyo, na pengo la maelezo huachwa wazi kwa atakayekuja kuichunguza tena.