BESENI NA KITAMBAA



Katika Marko sura ya 7 twasoma jinsi Mafarisayo walivyonung'unika kwa kuwa wanafunzi wa Bwana walikula bila kunawa. Wapo watu wanaoifanya habari hiyo ruhusa: Bwana mwenyewe, husema, hakujali mikono. Hawakuisoma vizuri. Ugomvi ule ulihusu desturi za wazee zilizowekwa mahali pa amri ya Mungu, wala haukuhusu sabuni. Na Bwana yule yule, usiku wa Karamu, alishika beseni na kitambaa, akawaosha wenzake miguu.

Sasa tuiangalie zahanati. Mama anayekwenda kujifungua hujiuliza kwanza ndoo ya maji ataipata wapi. Sisi wa Newala twaijua nchi yetu ya juu: mvua huzama mchangani, vijito hakuna, na bibi zetu waliteremka mabondeni alfajiri kufuata maji. Mradi wa maji wa Makonde umesaidia sana. Lakini bomba likikauka siku tatu, muuguzi atanawa na nini? Tusimwite mchafu kabla ya kuuliza hilo.

Mwaka 1847, mjini Vienna, Dakta Ignaz Semmelweis aliona kwamba wanawake waliozalishwa na madaktari waliotoka kupasua maiti walikufa kwa homa kuliko wale wa wakunga. Akaagiza kila daktari anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini, na vifo vikapungua sana. Wenzake wengi walimkataa. Msomi naye huudhika akiambiwa mikono yake inaua! Huku kwetu Dakta Leader Stirling, aliyekuja mwaka 1935, alipasua wagonjwa Lulindi siku ambazo umeme haukuwapo. Baadaye akawa Waziri wa Afya, 1975 hadi 1980. Basi uchache wa vyombo haumzuii mtu kuwa mwangalifu.

Yapo ya kudai kwa adabu. Sindano iliyotumika iingie papo hapo katika sanduku lake gumu, nalo lisijazwe kupita robo tatu. Isitupwe shimoni ambako watoto huokota mabomba ya sindano wakachezea. Vyombo vya kuzalishia vioshwe, ndipo vitakaswe kwa mvuke. Mganga anawe kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake. Kumwuliza, "Mganga, umenawa?" si ufidhuli. Kanisani mtumishi wa altare humwagia padre maji vidoleni mbele ya watu wote, wala hatujamwona padre aliyejiona ametukanwa.

Nasi ndugu wa wagonjwa tusijifiche. Watu sita juu ya kitanda cha mzazi, ugali uliobaki chini yake, pamba ya damu dirishani: hayo si ya mganga.

Paa la zahanati ni la bati, na mvua za Desemba zaja. Kinachopungua ni mifereji na tangi. Mafundi tunao humu mtaani, wengine huimba kwaya. Na mzee wa kanisa aliye katika kamati ya zahanati aulize kikao kijacho: maji ya kunawia leo yako wapi, na ufunguo wa stoo ya sabuni anao nani?