Hedaya, Rushwa na Kura: Mali ya Mfanyabiashara katika Uchaguzi wa Baraza

Swali la mali na madaraka huwa zito zaidi pale wapiga kura wanapokuwa wachache na wote wakijuana. Qantab, kijiji cha wavuvi kilichokaa baina ya majabali na bahari mkoani Muscat nchini Oman, ni mahali pa namna hiyo. Oman ilitunga sheria ya mabaraza ya manispaa kwa Amri ya Kifalme namba 116 ya mwaka 2011, na uchaguzi wa kwanza wa mabaraza hayo ukafanyika tarehe 22 Desemba 2012. Kwa kuwa vyama vya siasa haviruhusiwi nchini humo, mgombea husimama kwa jina lake, ukoo wake na mfuko wake. Na mfuko huo ukipungua, mwenye duka au mwenye kampuni ya ujenzi anaweza kumshika mkono. Hapo huzuka swali la kimaadili lililo pana kuliko la kisheria: anachotoa mfanyabiashara huyo ni sadaka, hedaya au rushwa?

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliainisha utoaji katika Ihya Ulum al-Din kwa kutazama makusudio ya mtoaji, wala si jina alilolipa tendo lake. Anayetaka thawabu za Akhera ametoa sadaka, na anayetaka mapenzi tu ametoa hedaya. Lakini anayetafuta mapenzi ya mwenye jaha, yaani cheo na ushawishi, ili jaha hiyo imtimizie haja zake, ameukaribia mpaka wa rushwa, na hasa ikiwa jaha yenyewe imetokana na wadhifa wa umma. Msingi wa fikra hiyo ni hadithi mashuhuri ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akitenga sehemu moja kuwa ya umma na nyingine kuwa zawadi yake. Mtume akahoji iwapo zawadi hiyo ingemfikia kama angebaki nyumbani kwa wazazi wake.

Kipimo hicho kinahukumu kwa urahisi bahasha inayotolewa usiku wa kuamkia kura, ila hakitoshi panapohusika ihsani. Ichukuliwe kwamba mfanyabiashara amegharimia futari ya msikiti na mashine za boti za wavuvi, na mwaka huohuo anamfadhili mgombea. Kumzuia asitoe kabisa ni kuwanyima maskini haki yao, na kumwacha atoe apendavyo ni kuigeuza shukrani ya mvuvi kuwa kura. Mafakihi walikwisha kukutana na utata huu katika mlango wa ukadhi, wakamruhusu kadhi kupokea hedaya kwa masharti mawili: mtoaji awe na ada ya kumpa tangu kabla ya uteuzi wake, na asiwe na shauri mbele yake. Sharti la kwanza linaihifadhi ihsani ya miaka yote. Sharti la pili ndilo linalombana mfanyabiashara, kwani mwenye kutaka kibali cha ujenzi, eneo la soko au zabuni ana shauri mbele ya manispaa, hata kama bado halijaandikwa.

Inaweza kujibiwa kwamba mabaraza hayo kwa sehemu kubwa hutoa maoni na mapendekezo, kwa hiyo hakuna cha kununuliwa. Jibu hilo linasahau kwamba pendekezo kuhusu barabara au ufuo huinua thamani ya ardhi ya mmoja na kumfungia mwingine njia ya kuteremshia boti.

Ng'ambo ya bahari, Tanzania iliwahi kuhalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu vya sheria vilivyoiruhusu mwaka 2006 kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na mali. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ikafuata, ikitaka michango itangazwe. Uamuzi huo wa mahakama unaongeza jambo ambalo kipimo cha nia peke yake hakilifikii: hata mtoaji mwenye nia safi humdhulumu mgombea fukara, kwa sababu anamtangulia mlangoni kwa kitu ambacho fukara hana. Kwa hiyo wajibu haumwangukii mpokeaji pekee. Mfanyabiashara mwenye shauri mbele ya manispaa anapaswa kujizuia kumfadhili mgombea, na asiye nalo atoe hadharani. Ama sadaka yake kwa wavuvi, na aiendeleze baada ya uchaguzi kama alivyoitoa kabla yake, hata mgombea wake akishindwa.