Kelele za Chura na Maji Tunayokunywa

Kelele za chura, Waswahili husema, hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Msemo huu tunautumia kumpuuza mtu anayetupigia kelele. Lakini, ndugu wasomaji, kwa miongo kadhaa sasa wanasayansi wamekuwa wakimuuliza chura kuhusu maji hayo hayo, kama yana sumu au hayana, na jibu lake hawalipati kwa sauti bali kwa mwili wake. Je, ni haki kumuuliza hivyo?

Chura mwenyewe ni Mwafrika. Ni yule mwenye kucha katika miguu ya nyuma, kwa jina la kitaalamu Xenopus laevis, ambaye asili yake ni kusini mwa bara letu. Miaka ya 1930, kufuatia uchunguzi wa Mwingereza Lancelot Hogben aliyewahi kufundisha Cape Town, alianza kutumiwa kupima mimba. Chura jike alidungwa mkojo wa mwanamke, na kama mwanamke ni mjamzito, chura hutaga mayai baada ya saa chache. Akasafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani. Kipimo kile hakikumuua. Alipumzishwa, kisha akatumiwa tena.

Kupima uchafuzi ni kazi nyingine. Chura anafaa kwa sababu ngozi yake hupitisha maji pamoja na vingi vilivyoyeyuka ndani yake, na kwa sababu viluwiluwi hukulia majini mbele ya macho ya mtafiti. Huwekwa kwenye maji yenye dawa kidogo, wakaangaliwa: mkia umepinda? Miguu imechelewa kuota? Mara nyingi mwisho wa kipimo huuawa na kupasuliwa.

Mwaka 2010 Tyrone Hayes na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa matokeo ya madume waliolelewa katika maji yenye atrazini, dawa ya kuua magugu inayotumika sana katika mashamba ya mahindi ya Marekani. Kiasi kilikuwa sehemu 2.5 tu katika bilioni. Asilimia 10 ya madume hao waligeuka majike, wakapandwa na madume wenzao na kutaga mayai yaliyoanguliwa. Kiwango kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa ya Marekani ni sehemu 3 katika bilioni. Chura si binadamu, na mwili wake hauchukui dawa kama wetu. Hata hivyo, sisi tunaoishi huku tuzisome namba hizo mara mbili.

Wasomaji Waislamu watakumbuka hadithi iliyomo katika Sunan Abu Dawud: tabibu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kumtia chura katika dawa, naye akakataza kumuua. Wanazuoni wana mjadala wao kuhusu dharura, nami si shekhe. Ninachokiona ni kwamba swali liliulizwa na tabibu, mtu mwenye nia njema, na bado nia hiyo haikutosha. Basi anayetaka kumuua chura kwa manufaa ya watu ana deni la kueleza, tena deni zito.

Sisi wahandisi tuna desturi ya kuharibu ili tujue. Tunapomwaga zege la nguzo tunajaza pia vipande vidogo vya mchemraba, na baada ya siku 28 tunavivunja kwenye mashine. Zege halina uchungu, chura anao. Hapo mfano wangu unachechemea. Lakini kabla ya kuvunja, namba imeshaandikwa: kipande kikivunjika chini ya nguvu hii, kazi inasimama. Msimamizi anayevunja vipande huku ameshaamua kwamba ghorofa litapanda vyovyote iwavyo, huyo hapimi, anaigiza. Naamini sharti ni hilo hilo kwa chura. Tuna haki ya kumuuliza ikiwa tumesema mapema ni jibu gani litakalotusimamisha.

Kwa atrazini haikuwa hivyo. Mwaka 2007 shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, lilisema dawa hiyo haiharibu viungo vya uzazi vya chura, likitegemea zaidi majaribio yaliyogharimiwa na Syngenta, watengenezaji wake. Hayes akaja na yake. Kila upande na vyura wake, na dawa ikaendelea kumwagwa. Umoja wa Ulaya haukungoja mabishano hayo yaishe. Tangu 1980 sheria yao ya maji ya kunywa iliweka kikomo cha sehemu 0.1 katika bilioni kwa kila dawa ya shambani, na ilipoonekana atrazini ingekipita katika maji ya ardhini, mwaka 2004 waliamua kuiondoa. Namba ilitangulia, kama kwenye zege.

Siku hizi kuna vipimo vyepesi zaidi. Kimoja kilichokubaliwa kimataifa mwaka 2019 huchukua saa 72, na hutumia viluwiluwi ambao bado hawajaanza kula, kwa kuwa sheria ya Ulaya huanza kumlinda kiluwiluwi pale anapojilisha mwenyewe. Unaweza kucheka kwamba heshima ya kiumbe ianze na tonge la kwanza. Mimi naona afadhali mstari wa ajabu kuliko kukosa mstari.

Kwa walioko Marekani, kampuni za maji hutakiwa kutoa ripoti ya ubora wa maji kila mwaka kabla ya Julai 1. Wengi wetu huitupa pamoja na matangazo ya pizza. Atrazini, ikiwa imepatikana, huandikwa humo kwa kipimo chake.