Mwaga Mbegu, Vuli Imefika

Pakiti ya mbegu za maua imeandikwa "panda majira ya machipuko". Mtu wa Magamba akisoma hivyo huirudisha rafuni. Machipuko gani, huku mlimani? Hebu ichukue tena. Maelekezo yale yanataka udongo wenye unyevu, joto la kuotesha mbegu na ubaridi usioua mche, basi. Wenzetu wa Ulaya huyavizia hayo baada ya theluji kuyeyuka. Usambara inakuletea mara mbili kwa mwaka: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Mvua mbili, na uwanja wako bado mtupu!

Huhitaji kitalu wala nyumba ya nailoni. Maua haya ya msimu mmoja hupandwa palepale yatakapochanulia, na nasturtiamu hasa huchukia mizizi yake kusumbuliwa. Mimi ningeanza na maua yaliyozaliwa milimani. Kosmosi asili yake ni nyanda za juu za Meksiko; nasturtiamu, yenye majani ya mviringo, ilitoka milima ya Andes. Jua kali la mchana na baridi ya usiku si vitu vigeni kwao. Tena kosmosi huwahi kuchanua pale mchana usipokuwa mrefu sana, na kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Ongeza kalendula, ua la rangi ya chungwa lisiloogopa baridi, na bustani imetimia.

Unasema huna udongo mzuri? Afadhali. Ile kona iliyokataa kabichi ndiyo kona ya nasturtiamu. Ukiilisha samadi nyingi itakupa majani matupu. Lima, vunja mabonge, sawazisha kwa reki. Chora mistari inayokingama mteremko, maana mvua ya Lushoto haina huruma na mbegu iliyopandwa kushuka na maji. Waliokuwepo miaka ya 1980, mradi wa SECAP ulipohimiza kuzuia mmomonyoko, hawahitaji kuelezwa hili. Mistari ina faida nyingine: magugu yakiota, utajua lipi la kung'oa.

Usidanganywe na manyunyu ya kwanza. Chimbua kwa kidole; unyevu ukifika kina cha kidole kizima, panda siku hiyohiyo. Kosmosi na kalendula, kina cha sentimita 1. Nasturtiamu, 2. Tandaza matawi ya miiba juu, kwa sababu kuku wa jirani hawasomi pakiti.

Baada ya wiki moja au mbili miche itatokeza, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwa huruma. Miche imesongamana kama abiria wa daladala, na mwenyewe anaona uchungu kung'oa hata mmoja. Ng'oa! Acha sentimita 30 kati ya mche na mche wa kosmosi, la sivyo utavuna vijiti virefu vyenye maua ya kuhesabu.

Na yule atakayekuuliza, "Maua yanaliwa?", mchumie jani la nasturtiamu atafune. Lina ukali wa kupendeza, na ua lake pia huliwa kwenye kachumbari. Kisha mwonyeshe nyuki wanaofuata kosmosi, umkumbushe kuwa boga halitungi bila mdudu wa kubeba chavua. Mwenye nyumba ya wageni hahitaji hata kuelezwa faida ya maua.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliona ua dogo la zambarau pande hizi za Usambara na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Leo lipo madirishani dunia nzima. Ua la kwetu limefika mbali hivyo, nasi tunaona uzito kupanda hatua tatu kutoka mlangoni?

Sharti moja tu: mbegu hizi zibaki uani. Usizitupe kwenye msitu wa hifadhi ya Magamba, hata kwa nia ya kuupamba. Kule Amani, mti wa Maesopsis eminii ulioletwa kupandwa ulitoroka ukavamia msitu wa asili, na kuurudisha nyuma ni kazi ngumu.

Sasa piga hesabu. Ukipanda katikati ya Oktoba, kosmosi ikachukua wiki nane hadi kumi, watoto na wajukuu wanaopanda gari kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi watakuta uwanja umewaka. Wasichume yote. Mimea iliyo bora kabisa iache ikauke ikiwa imesimama, uvune mbegu zake siku ya jua, uzitie kwenye bahasha ya karatasi na kuzihifadhi mahali ukungu hauingii. Masika ya Machi utazipanda bila kununua pakiti, na zitakazobaki mpe yule jirani mwenye kuku.