Kabla Hujapokea Funguo za Programu Iliyoachwa

Wanangu mnaoandika programu, wengi wenu mnatamani kurithi vifurushi vya programu huria vilivyoachwa na watunzaji wake. Nia hiyo ni njema, ila mjue mnachokipokea. Msimbo wenyewe uko wazi kwa kila mtu. Unachokabidhiwa hasa ni ruhusa ya kuingiza toleo jipya kwenye kompyuta za watu wasiokujua wala wasiokuuliza u nani. Hiyo ni amana nzito.

Mwaka 2018 aliyeanzisha event-stream, kifurushi cha JavaScript kilichopakuliwa takriban mara milioni 2 kwa wiki, alikuwa hakitumii tena. Mtu asiyemfahamu akajitolea kukitunza, akapewa. Mrithi huyo akakitia msimbo wa kuiba bitcoin za watumiaji wa pochi ya Copay. Wengi walimlaumu aliyekabidhi. Nami nawauliza: kabla ya siku hiyo, nani kati yao alijitokeza kumpunguzia mzigo?

Kisa cha xz, programu ya kubana data, kinaniuma zaidi. Lasse Collin wa Finland aliitunza karibu peke yake, bila malipo. Mwaka 2022, huku watu wasiojulikana wakimshinikiza aongeze mtunzaji, alieleza hadharani kwamba matatizo ya afya ya akili yalikuwa yamempunguzia nguvu. Aliyejiita Jia Tan alikuwa ameanza kuleta marekebisho tangu 2021, kwa subira na adabu. Akaaminiwa. Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0 likiwa na mlango wa siri, sehemu yake imefichwa ndani ya mafaili ya majaribio. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua mwezi uliofuata kwa kufuatilia kwa nini kuingia kwenye seva kwa SSH kulichelewa nusu sekunde. Mtu mmoja mdadisi ndiye aliyetuokoa, na hilo halinipi usingizi.

Kwa hiyo msishangae mkiombwa subira. Baada ya visa hivyo, hata mwema hutazamwa kwa shaka, na ni haki. Usimharakishe mtunzaji aliyechoka, wala usimsimange kwa ukimya wake. Waliomwandama Collin walifanya hivyo hivyo. Mjulie hali kwanza. Rekebisha hitilafu ndogo, jibu maswali ya watumiaji, kazi yako ionekane na wengine waipitie. Debian, mfumo wa uendeshaji huria, ina utaratibu wa kuigwa: kifurushi kikipuuzwa, unatangaza nia yako hadharani, kisha unampa mtunzaji siku 21 za kujibu kabla ya kukichukua. Mwenyewe akikataa, leseni inakuruhusu kuanzisha tawi lako kwa jina jingine. Jina lake mwachie.

Ukishapokea, usikae na funguo peke yako. Tafuta mwenzako mapema, kabla hujachoka, na kila toleo lipitiwe na macho mawili mengine. Na siku utakaposhindwa kwa ugonjwa, kazi au malezi, tangaza wazi kwamba umesimama. Hakuna aibu katika hilo. Kifurushi kilichofungwa kwa uwazi ni salama kuliko kilichokabidhiwa kwa mgeni kwa sababu ya uchovu.

Kama uko tayari, fungua leo orodha ya vifurushi yatima vya Debian, chagua kimoja unachokitumia mwenyewe, na urekebishe hitilafu moja kabla hujaomba chochote.