Tabibu wa Mmoja na Tabibu wa Wengi

Ahadi ya tabibu ni kwa mgonjwa mmoja. Mtu humjia na homa yake, jina lake na hofu yake. Mlango hufungwa, na kwa muda ule dunia huwa ya watu wawili tu. Desturi hii ni ya kale, na sehemu kubwa ya heshima ya utabibu imejengwa juu yake. Walakini wako matabibu wanaotoka katika chumba kile, wakaacha kitanda cha mgonjwa na kwenda kuketi mbele ya hesabu za vifo, ramani za visima na makadirio ya fedha za dawa. Hawa hutaka kuongoza afya ya mji, ya wilaya au ya taifa. Je, tabibu wa namna hii ameikimbia ahadi yake, au ameipanua? Na kama ameipanua, afunzwe nini ili asiipoteze njiani?

Swali hili lina mahali pake katika dunia. Nchini Marekani liko fungu la mafunzo ya ubingwa lililowekwa kwa ajili ya matabibu hawa, na bodi ya kuwatahini mabingwa wa utabibu wa kinga iliundwa huko mwaka 1948. Aliyehitimu udaktari hutakiwa kwanza kutumika walau mwaka mmoja akiwatibu wagonjwa chini ya waalimu. Baada ya hapo huja miaka miwili ya mafunzo yenyewe. Husoma takwimu, mwenendo wa maradhi katika umati, madhara ya mazingira na uongozi wa huduma, mpaka apate shahada ya uzamili ya afya ya umma. Hutumwa pia katika idara za afya za miji na majimbo, akajifunze kufuatia asili ya mlipuko wa maradhi, kupima faida ya chanjo, na kulitetea shauri lake mbele ya watu ambao si matabibu.

Wako wanaonung'unika. Husema kwamba taifa limegharimia kumfundisha mtu huyu kuponya, na kwamba kumtoa wodini ni sawa na kumtoa mvuvi baharini ili akaandike hesabu ya samaki. Hoja hii haifai kujibiwa kwa dharau, hasa katika nchi zetu ambamo matabibu ni haba. Mama aliyeketi tangu alfajiri na mtoto mwenye degedege hafarijiki kuambiwa kuwa tabibu yumo mkutanoni.

Hata hivyo, na tumtazame John Snow wa London. Mwaka 1853 aliitwa kumpa Malkia Victoria dawa ya klorofomu ili kumpunguzia uchungu wa uzazi. Hapana mgonjwa mmoja aliyekuwa mmoja zaidi ya huyo. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho na kuua watu zaidi ya 500 kwa muda wa siku kumi hivi. Tabibu aliyeketi kitandani siku zile hakuwa na dawa ya kufaa. Snow alipita nyumba kwa nyumba, akauliza nani amekufa na maji yake yalitekwa wapi, na majibu yalimwelekeza kwenye pampu moja ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba 1854 mkono wa pampu ile uliondolewa. Snow mwenyewe alikiri kwamba maradhi yalikuwa yamekwisha kuanza kupungua, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekimbia. Lakini alionyesha njia ya kuuona ugonjwa ambayo haikuweza kuonekana kutoka kitanda kimoja. Je, alikuwa tabibu zaidi siku gani: alipokuwa mbele ya malkia, au alipokuwa akibisha mlango wa maskini? Mimi naona alikuwa tabibu yule yule.

Faida ya elimu ya wengi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tabibu wa kitandani humwona mgonjwa aliyekuja. Yule aliyefia kijijini kwa kukosa nauli, na yule aliyekunywa maji mabaya asijue, hawamo katika foleni yake. Huruma yake, iwe kubwa namna gani, huishia pale foleni inapoishia. Takwimu zilizokusanywa kwa uaminifu ni macho ya kumwona mtu asiyekuja. Kwa hiyo anayejifunza kuhesabu hajifunzi ubaridi. Anajifunza kumtendea haki mtu asiyekuwapo.

Lakini macho hayo nayo yana upofu wake. Mwaka 1932, katika jimbo la Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza uchunguzi katika mji wa Tuskegee na viunga vyake. Wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende, na wengine 200 hivi wasio nayo, walifuatiliwa ili ijulikane ugonjwa huo huenda vipi ukiachwa. Hawakuambiwa ukweli, waliambiwa wana damu mbaya. Ilipofika miaka ya 1940 penisilini ilijulikana kuwa dawa ya kaswende, nao hawakupewa. Jambo hilo liliendelea mpaka 1972, lilipofichuliwa magazetini, na mwaka 1997 Rais Clinton aliwaomba radhi walionusurika. Walioongoza kazi ile walikuwa matabibu, tena matabibu wa wengi, waliofunzwa vema kuhesabu. Wagonjwa walikuwa mbele yao, wana majina na wake na watoto, nao wakawaona kama mistari katika daftari.

Nani aliyepinga? Mmoja aliyepinga kwa nguvu, tangu 1966, alikuwa Peter Buxtun, mtumishi wa idara ile ile. Yeye hakuwa tabibu. Kazi yake huko San Francisco ilikuwa kuzungumza na wagonjwa wa maradhi ya zinaa, mmoja baada ya mmoja. Sidhani kuwa ilitukia hivi bure tu. Mtu anayesikiliza kila siku sauti ya mgonjwa mmoja hupata shida kukubali kwamba watu 400 ni hesabu tu.

Basi upofu ni wa namna mbili. Tabibu wa mmoja huweza asimwone asiyekuja, na tabibu wa wengi huweza asimwone aliye mbele yake. Mafunzo ya uongozi yanayoponya upofu wa kwanza na kuleta wa pili yamebadilisha ugonjwa kwa ugonjwa. Hapo ndipo naiona maana ya sharti lile la mwaka mmoja wa kutibu kabla ya kuhesabu. Huenda waliolitunga walitazama ustadi tu. Mimi nalitazama kama sharti la maadili. Anayetaka kuupima ujazo wa kibaba na azijue kwanza punje. Tena mwaka mmoja hautoshi kwa maisha mazima, kwa maana kumbukumbu ya mgonjwa hufifia ofisini. Ingefaa kila kiongozi wa afya awe na siku yake, walau moja kwa juma, ya kurudi kuketi na mgonjwa.

Kwamba macho hayo mawili huweza kukaa katika uso mmoja, mji wa Flint katika jimbo la Michigan ni shahidi. Mwezi Aprili 1914 ungekuwa zamani. Hili ni la juzi, Aprili 2014, mji huo ulipoanza kutumia maji ya mto wake bila ya kutiwa dawa ya kuzuia kutu ya mabomba, na risasi ikaingia majini. Daktari Mona Hanna-Attisha alikuwa tabibu wa watoto mjini humo, naye alikuwa akisimamia mafunzo ya ubingwa ya matabibu wenziwe. Alilinganisha vipimo vya damu vya watoto wadogo kabla na baada ya badiliko lile, na Septemba 2015 akatangaza kuwa risasi imeongezeka. Wakubwa wa jimbo walimkanusha kwanza, kisha wakakubali. Na mwezi uliofuata mji ulirudia maji yake ya awali. Hesabu ilimpa hoja. Watoto aliowajua kwa nyuso, nadhani, ndio waliompa ushupavu wa kutorudi nyuma alipokanushwa.

Linabaki jambo la fedha, nalo pia ni la maadili. Huko Marekani mafunzo ya ubingwa hugharimiwa sana na serikali kwa kupitia hospitali, kwa sababu anayejifunza hutumika pale wodini. Tabibu wa kinga hutumika nje ya wodi, na kwa hivi fedha yake huwa ya kubahatisha, na nafasi zake ni chache. Aliyeponywa hushukuru na hulipa. Ambaye hakuugua hajui kuwa ana deni, wala hamjui wa kumshukuru. Taifa linalongoja shukrani ndipo lilipe litawapata waponyaji wengi na walinzi wachache.

Kwetu Afrika ya Mashariki hatuko mbali na swali hili. Kenya ilianza mwaka 2004, na Tanzania mwaka 2008, mafunzo ya kazini ya kufuatia milipuko ya maradhi. Hata hivyo mara nyingi daktari kijana huitwa Mganga Mkuu wa Wilaya kwa sababu ni daktari, na huachiwa zahanati, magari, watumishi na fedha, mambo ambayo hakuna aliyemfundisha. Tukimlaumu akishindwa, tunamlaumu kwa elimu tuliyomnyima.

Basi jawabu langu ni kwamba tabibu anayetoka kitandani kwenda kuwaongoza wengi hakuikimbia ahadi yake, maadamu anatoka na mgonjwa wake moyoni. Na ajifunze hesabu kwa bidii, kwa kuwa bila hesabu wengi hufa wasionekane. Kila anapoandika tarakimu, na akumbuke kwamba mmoja miongoni mwao aliketi mbele yake siku moja, akamshika mkono, akamwuliza kama atapona.